Magenge Tusiyoyafikia

Katika miaka yote niliyomjua, Mwalimu hakuwahi kuniambia nisiogope. Siku ya kwanza nilipokwama ukutani, shavu limegandana na jiwe, yeye alikuwa chini ameishika kamba yangu, anatafuna karanga. Alinisubiri nimalize kulia. Kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akimrudishia mtu darasani kwenye hatua ya pili ya hesabu, mguu wangu wa kulia uko wapi. Nikamjibu sijui. Akasema basi niutazame. Nikautazama, nikaona umesimama mahali pazuri kuliko nilivyodhani, na nilipousogeza ukaenda. Nilifika juu bado nalia, na alipokwisha kunishusha hakunipongeza. Alinipa karanga zilizobaki.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu wa namna ile hawezi kuinama mbele ya mtu yeyote. Ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka naanza kwa hasira, na inanichukua muda kufika kwenye mambo mengine.

Alikuwa amenifundisha hisabati sekondari, Kinondoni, na jioni akisimamia netiboli na riadha. Tulimwogopa sote. Baada ya shule nikampoteza kwa miaka kadhaa, mpaka siku alipoingia dukani kwetu Ubungo. Lilikuwa duka la vifaa vya shule na vya ofisini, la marehemu baba, na kaka yangu ndiye aliyeliendesha. Mie nilikaa kaunta. Mwalimu akaagiza boksi zima la chaki nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama sana, na kwa kuwa nilijua ameshastaafu nikamuuliza chaki ni ya kumfundisha nani. Akasema si ya kuandikia. Anazitwanga kwenye kinu, anapaka viganjani jasho lisimtelezeshe akipanda majabali.

Nilicheka. Akangoja nimalize, akaniuliza Jumamosi saa nane ninafanya nini.

Vifaa vyake vya kwanza alivipata kwa mwalimu mwenzake mgeni aliyefundisha naye Mwanza enzi za ujana, wakawa wanapanda pamoja majabali ya kule. Mgeni alipoondoka nchini alimwachia mikanda ya kiunoni, pete za chuma na kamba. Kamba hiyo nilipoikuta ilikuwa imechoka. Nikaagiza mpya kwa binamu yangu aliyeko nje, na ile ya zamani Mwalimu akaitundika uani kuanikia nguo. Nilipomuuliza haoni uchungu, aliniambia kamba ikishachoka ni ya nguo, na kuibembeleza ni kutafuta kufa.

Tulikuwa tunakwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto upande wa Kunduchi. Kuna ukuta mmoja pale ulioachwa na wachimbaji, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, mweupe, wenye nyufa na vishimo vya ukubwa wa kikombe. Tulizunguka kwa nyuma, tukafunga kamba juu kwenye jiwe kubwa, tukaiteremsha, halafu mmoja anapanda na mwenzake anashika. Wanawake waliokuwa wakiponda kokoto karibu yetu walimwita Mwalimu Bibi Buibui, kwa jinsi alivyokuwa akienda ukutani, mwembamba, miguu mirefu, hana haraka. Mie ndiye niliyekuwa na mtandio chini ya helmeti na shati lililofika magotini, lakini jina la buibui wakampa yeye.

Kuhusu mavazi, kuna jambo nililiona tangu wiki ya kwanza, na nililiona vibaya. Alitoka nyumbani kwake amevaa gauni refu la kitenge, na ndani yake suruali ya mazoezi. Alilivua gauni nyuma ya lundo la kokoto, akalikunja vizuri, na jioni akalivaa tena kabla hatujafika barabarani. Majirani zake wa Ubungo Kibangu hawakuwahi kumwona na suruali. Nilidhani ni stara tu ya mtu mzima wa kanisani. Niliona hata inapendeza, mwanamke wa umri ule mwenye siri ya namna ile. Sikujiuliza anamficha nani.

Alikuwa na mambo mengi yasiyokaa pamoja. Alining'inia juu ya mawe kwa kipande cha ukanda bila kutikisika, lakini kuvuka barabara ya Morogoro alikuwa akinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zinaniingia. Alichukia kuchelewa, nikifika saa nane na robo nilikuta ameshafunga mafundo yote na hasemi na mimi. Lakini simu ya mwanawe wa kwanza ikilia, kila kitu kilisimama. Mwanawe huyo alikuwa mhandisi wa barabara, mtu mwenye nafasi yake, anaishi Goba. Siku moja Mwalimu alikuwa amefika zaidi ya nusu ya ukuta simu ikamlilia mfukoni. Aliniambia nimkazie kamba. Akaegemea ukanda, miguu ikiwa imekita kwenye jiwe, akapokea.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nipo Tandale sokoni, nachagua nyanya."

Wanawake wa kokoto wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa mkono. Alizungumza naye muda mrefu, akamwahidi jambo fulani kuhusu watoto, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kupanda. Nami nilicheka. Wakati huo kila kitu chake kilinichekesha.

Sifa alinipa mara moja tu. Kishikio cha jiwe kilikatika mkononi mwake karibu na kilele, akaanguka kwa ghafla kabla sijaelewa kilichotokea. Kamba ilinivuta mbele, nikajikita, ikashika. Alining'inia kichwa kikielekea chini, vumbi jeupe likimmwagikia, na nilipomwita hakujibu kwa kuwa alikuwa anacheka. Nilipomteremsha alijipangusa, akakagua kiwiko kilichochubuka, akasema, "Umeshika vizuri." Nilikwenda nyumbani siku hiyo natembea kama niliyepewa cheo. Baba yangu alikuwa mtu mpole aliyenipenda, lakini hakuna jambo alilowahi kuniachia mkononi, hata kufunga duka.

Safari ndiyo iliyokuwa moyo wa mambo yote. Mwalimu alikuwa akiipanga tangu kabla sijarudi kwenye maisha yake, na alipopata mtu wa kumshikia kamba kila wiki, si vijana wa machimbo wa kubahatisha, ikawa jambo la kweli. Kwanza milimani, Lushoto, kwenye majabali ya Usambara, wakati wa kipupwe mawe yakiwa makavu. Halafu turudi Dar tupumzike siku chache, tushuke kusini mpaka Mtwara, kwenye magenge ya baharini. Aliwahi kufundisha kule akiwa ajira mpya, na Jumapili baada ya ibada alikuwa akienda kukaa juu ya genge akitazama chini jinsi jiwe lilivyokatwa na maji. Wakati huo hakuwa na kamba wala mwenzake. Alisema jabali la mlimani unalipanda ukitaka, lakini genge la bahari linakupangia saa. Siku za bamvua maji yanajaa mpaka yanapiga mguuni mwa genge na huna pa kusimama. Inabidi uende siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, ushuke wakati wa kupwa, na uwe umeshatoka maji yakianza kurudi.

Jumamosi baada ya mazoezi tulikwenda kwake kunywa chai ya tangawizi na viazi vitamu. Alitandika mkeka sebuleni, akapanga vifaa vyote juu yake, akaanza kunihoji. Kamba ikilowa maji ya chumvi tunafanya nini? Mmoja wetu akiteguka mguu juu ya Lushoto na mvua inakuja, nani anashuka kwanza? Nilitakiwa nijibu nikiwa nimesimama. Nikikosea alisema "kaa", na nikakaa kweli, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, na viazi mdomoni.

Nakiri kwamba alinipanga ndani ya safari ile kama hakuna mtu aliyewahi kunipanga ndani ya jambo lolote. Sisi ni Waithnaasheri, na siku kumi za mwanzo za Muharram sisafiri, nakwenda majlisi za maombolezo kila siku. Miaka hiyo Muharram ilikuwa imeangukia humo humo Juni na Julai, katikati ya kipupwe chetu. Nilimweleza kwa woga, nikidhani ataniambia nibaki. Alichukua simu, akatafuta mwezi utaandama lini, akaisogeza safari nzima nyuma ya siku zile. Kisha akagundua kwamba akisogeza hivyo magenge yataangukia bamvua. Akanuna, akamimina chai nyingine, akaanza upya. Ilimchukua jioni nzima kupata njia ya kuupisha msiba wangu na maji ya bahari pamoja. Alipopata alipiga goti lake kofi moja, akasema sasa imekaa.

Ilikaa, lakini hatukwenda. Mwaka wa kwanza binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na Mwalimu akapewa kamati ya chakula. Mwaka wa pili mke wa mhandisi alijifungua kwa upasuaji, ikabidi bibi aende Goba kuogesha mtoto, akakaa huko mpaka mvua za vuli. Kila mara aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetangaza kipindi kimehamishwa. Aliporudi alitandika mkeka, akapanga vifaa, akanihoji. Sikunung'unika. Nilikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi wake hanung'uniki.

Mwaka wa tatu zamu ya kuzuiwa ikawa yangu.

Kaka yangu alikuwa amenipatia mchumba, muuza vipuri vya magari, mtu mtaratibu tu. Sikuwa na neno baya juu yake. Kaka aliposikia kwamba nakwenda kulala Lushoto na kisha Mtwara, wanawake wawili na kamba, alisema haiwezekani. Hakufoka. Alinieleza kwa upole kwamba familia ya mchumba itauliza maswali, kwamba yeye ndiye baba yangu sasa, na kwamba Jumamosi za Kunduchi alizifumbia macho kwa sababu hazina mtu wa kuziona. Nilimwendea Mwalimu. Sikwenda kutafuta uasi. Nilitaka aniambie tuahirishe tena, kwa kuwa kuahirisha tulikuwa tumekuzoea, na ningekubali.

Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akautua ungo.

"Mguu ni wako," akasema. "Ukianza kuuombea ruhusa, utauombea mpaka uzeeni. Hatuahirishi."

Nilirudi nyumbani nikamwambia kaka kwamba nitakwenda. Alinyoosha kiganja, akaniomba funguo za duka. Jioni iliyofuata mama mmoja wa jamaa alinipigia kunieleza kwamba upande wa mchumba wameona mambo hayaelekei, wamejitoa. Kaka hakunifukuza kwa mdomo, lakini chakula kilipakuliwa na hakuna aliyeniita, na baada ya siku chache za namna hiyo nikaondoka mwenyewe. Nilipata chumba Kiwalani, nyumba ya watu wengi, ndege zinapita juu ya bati mazungumzo yanakatika. Nikapata kazi ya kuandika mahesabu kwa muuza jumla mmoja huko huko.

Mwalimu alikuja siku ya pili, amepakia godoro kwenye bajaji. Alifagia chumba, akafunga chandarua, akakagua kitasa cha mlango kama anavyokagua fundo. Hakuniambia pole. Alisema Juni tunakwenda. Na mie, nikiwa nimekaa juu ya godoro lake kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Kilichotokea baadaye kilianza na video. Mtu fulani machimboni alimrekodi Mwalimu akiwa juu ya ukuta, suruali na yote, akaiweka mtandaoni na muziki wa singeli. Ilizunguka kwenye simu za watu. Wengi walimsifu, wengine wakacheka, wengine wakasema bibi wa watu amechanganyikiwa na watoto wake wako wapi. Ilifika kwenye kundi la akina mama wa kanisani kwake. Ilifika kazini kwa mhandisi. Mwalimu alinionyesha mwenyewe, na nilipomuuliza mwanawe amesema nini alijibu kwamba ni mambo madogo, ataelewa. Hatukuizungumza zaidi. Tiketi za Lushoto tulikuwa tumeshakata.

Tulipatana tukutane stendi ya Mbezi asubuhi, kabla ya basi kuanza kupakia. Nilifika na kamba mgongoni na mkoba wa vyuma. Nilisimama mahali tulipopatana, karibu na mlango wa basi letu, na kwa kuwa yeye hakuwahi kuchelewa nilianza kuogopa mapema. Nilifikiri ajali. Nilipiga simu, haipatikani. Kondakta aliniambia nipande, nikamwomba angoje, akangoja kidogo kwa ubinadamu wake, akaniambia tena. Basi likaondoka. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Ujumbe ukaja: "Nimepata dharura ya familia. Tutapanga tena."

Nilipiga tena na tena. Mwishowe ilipokelewa, na aliyepokea alikuwa mwanawe. Sijawahi kuzungumza na mtu mstaarabu kama yule. Aliniita dada. Alisema amenisikia na ananiheshimu, anajua nimekuwa kampani nzuri kwa mama, lakini mama ana umri mkubwa na tangu baba yao afariki yeye ndiye anayeulizwa. Ikitokea lolote huko porini, watu hawatamuuliza jabali, watamuuliza yeye. Alikuja kumchukua jana yake. Akaniomba nimwache mama apumzike. Nilitafuta katika maneno yake mahali pa kumtukana, sikupaona. Nilimwuliza kama naweza kusema na Mwalimu. Alisema yuko hapa, na nikasikia simu ikisogezwa, na baadaye kidogo nikasikia sauti ya Mwalimu kwa mbali ikimwambia mwanawe aniambie kwamba amelala.

Mwezi uliofuata nilipita Ubungo Kibangu. Nyumba ilikuwa na wapangaji. Kamba ya zamani ilikuwa bado uani, ina nepi za watoto wa watu.

Nililala juu ya godoro lile miaka miwili. Kaka alinisamehe kwa namna yake. Idi nilikwenda kula, tukaongea bei za vitu, nikarudi Kiwalani. Dukani alikuwa ameshaajiri mtu. Yule mchumba alioa. Mwalimu hakunipigia. Krismasi nilipokea kwake picha ya maua yenye maandishi ya dhahabu, zile zinazosambazwa kwa kila aliyemo kwenye simu, na mwaka uliofuata nikapokea nyingine. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na niliyasema yote, jikoni, nikiosha vyombo.

Nilirudi machimboni peke yangu kwanza kwa hasira tu. Bila mtu wa kushika kamba huwezi kufanya kitu, unaishia kutazama ukuta. Baadaye nikamshawishi mpangaji mwenzangu, muuguzi, mwanamke mwenye mikono mizito na utulivu. Nilimfundisha kufunga mafundo, nikamfundisha kushika. Alipokwama mara ya kwanza alinililia nimshushe, na nilisikia mdomo wangu ukimwuliza mguu wa kulia uko wapi. Nilikasirika siku nzima.

Mwaka huo kipupwe kilipoingia tulikwenda Lushoto, yeye na mimi. Sikuwa nimepanga vizuri kama ambavyo Mwalimu angepanga. Tulisahau chai, tukakosea njia tukaingia kwenye mashamba ya kabichi ya watu. Lakini tulilifikia jabali. Lilikuwa la kijivu, baridi ya asubuhi bado imo ndani yake, na ufa mmoja mrefu umelipasua toka chini mpaka juu kiasi cha kupitisha ngumi. Mwalimu alikuwa ameniambia habari za nyufa pana kama zile, lakini Kunduchi hazipo. Nilikata ngozi ya vidole vyote. Nilipofika juu, ukungu ukiwa unafunguka na nyanda za chini zinaonekana mpaka mwisho wa macho, mtu niliyetaka kumwambia alikuwa mmoja tu, na nilimchukia kwa hilo pia. Muuguzi akapanda baada yangu. Tukakaa tukala mikate.

Nilikwenda Goba wiki ileile niliyorudi. Niliuliza kwa watu wa kanisa lake mpaka nikapata nyumba. Nilijiambia nakwenda kumrudishia ukanda wake, maana mmoja ulibaki kwangu, lakini nilipofika getini niliuacha ndani ya mkoba. Nilikuwa nakwenda kumsimulia ufa ule.

Ilikuwa nyumba nzuri, vigae vinang'aa, geti la chuma. Mke wa mhandisi alinikaribisha kwa ukarimu, akaniletea juisi ya ukwaju, akamwita mama. Mwalimu alitoka na mtoto mgongoni amembeba kwa kanga na mwingine amemshika gauni. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa upande wa pili wa meza, na tukaulizana afya kama watu waliokutana msibani. Wajukuu walimpanda magotini. Alikuwa anawapenda, hilo lilionekana, na sikuja kulikataa.

Mhandisi akaingia kutoka kazini. Tulisalimiana. Alinitazama akikumbuka sauti, kisha akatabasamu, bila ubaya wowote.

"Kumbe ndiye wewe dada wa kupanda mawe na mama?"

Sikuwahi kujibu. Mwalimu alitangulia.

"Mawe gani," akasema. "Huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa hesabu. Tulikuwa tunanyoosha viungo tu kule, daktari alinishauri. Wale wa video walikuza mambo."

Akacheka kidogo. Mkwewe akacheka. Mhandisi akasema na yeye alijua ni utani, watu wa mitandaoni hawana kazi. Nilitazama juisi yangu. Nilimkumbuka kaka akinyoosha kiganja niweke funguo. Nilifikiri: sasa hivi nitasema, mbele ya watoto wake na wajukuu wake, nitasema alivyokwenda ukutani na jina walilompa. Nikanywa juisi ikaisha, nikaaga.

Alinisindikiza mpaka getini, mtoto bado mgongoni. Tulipokuwa mbali na mlango nilimwuliza kwa nini amenikana vile. Nilitumia neno hilo.

"Ningesema nini?" akajibu taratibu. "Mie nalala humu ndani."

"Na mie uliponiambia nisimwombe kaka ruhusa, nilikuwa nalala wapi?"

Alimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia. Alitazama barabara, akatazama nyumba. Nilidhani ataniomba radhi, na nikaona kwamba akiniomba sitajua la kufanya. Hakuomba.

"Ulikwenda?" akauliza. "Lushoto. Ulikwenda?"

Safari nzima ya kuja Goba nilikuwa nimeupanga ufa ule kichwani, jinsi ngumi inavyoingia, jinsi baridi inavyotoka kwenye jiwe, nimsimulie kwa mpangilio kama nilivyokuwa nikimjibu kwenye mkeka. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye njaa, na nilitaka akae nayo hiyo njaa.

"Hapana," nikamwambia. "Sikwenda."

Uso wake ulilegea. Sijui kama ilikuwa nafuu au ni huzuni. Kwa mtu kama yeye vilifanana. Alinyoosha mkono kuniaga, nikampa wangu. Hakuuachia mara moja. Kidole gumba chake kilipita juu ya ncha za vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, juu ya ngozi iliyochanika na kuanza kuota magamba, kikarudi tena polepole mpaka cha mwisho.

"Afadhali," akasema, akaniachia mkono, akarudi ndani na mjukuu wake.